Kifaa Kisichonguruma cha Kikwe

Habari za kifo cha fundi wa Kikwe zilinifikia kama kazi ya mteja. Jumanne asubuhi nilikuwa nafungua steshenari yangu hapa Sekei, mtoto mgongoni, mashine ya fotokopi bado haijapata moto, akaingia shemeji wa fundi huyo na simu mkononi. "Dada, tuna msiba," akasema. "Tunataka ratiba ya ibada na wasifu wa marehemu, na picha hii ikae juu." Nikaipokea simu, nikaitazama picha, nikatafuta kiti. Alikuwa yeye, na lile koti lake la maabara lililotobolewa na asidi kwenye mkono wa kulia. Nikaambiwa presha, ameanguka akiwa anafua, hospitali hawakufika. Nikaanza kuchapa kwa sababu ndiyo kazi inayonilisha: amezaliwa wapi, amesoma wapi, amebatizwa lini, ameacha mke na watoto watatu. Tulipofika kwenye mafanikio nikauliza niandike nini. Shemeji akakuna kichwa. "Andika tu vizuri. Wewe si ndiyo kazi yako kupendezesha?" Hakuwa na ubaya alipolisema hilo neno. Lakini lilinikaa moyoni siku nzima, na leo nitawaeleza kwa nini.

Mnaonisoma kwenye safu hii mmenizoea nikigombana na bei ya unga, na walimu wanaochapa watoto, na wanaume wanaozima simu wakisikia habari ya mimba. Leo nagombana juu ya gesi inayoitwa haidrojeni. Msigeuze ukurasa. Mimi niliishia kidato cha nne na fizikia nilipata F, na bado niliielewa, kwa sababu aliyenieleza alikuwa anaijua kweli na hakuwa na haja ya kunitisha nayo. Jina lake silitaji. Mjane ameniomba hivyo, na mimi mwenyewe sitaki ofisi fulani ilitumie tena kwenye hotuba.

Alikuwa fundi wa maabara kwenye shule ya sekondari, mtu wa Kilimanjaro aliyeoa Kikwe na kubaki huko ukweni akilima. Hakuwa mwalimu, ila wote tulimwita Mwalimu. Wateja wangu, ambao kwao kila mtu wa Kilimanjaro ni Mangi mwenye duka, walimtania hapa kaunta mbele ya uso wake. "Huyu ni Mangi gani, hana hata genge la nyanya?" Naye anacheka, anasema duka lake liko kwenye chupa. Nyuma ya nyumba yake, katikati ya migomba, alijenga banda la mbao ambalo ukuta wake haukufika kwenye bati. Aliacha uwazi pande zote, maana gesi ile ni nyepesi, ikivuja inapaa na kwenda zake. Majirani walisema anatengeneza bomu. Mama mmoja aliwahi kuhamisha mbuzi wake.

Alichokuwa anatengeneza kilikuwa hiki. Maji yana gesi mbili zilizoshikana. Ukipitisha umeme wa sola ndani yake zinaachana, na moja ndiyo haidrojeni. Unaikusanya kwenye pipa. Jua likiondoka, au mawingu ya Mlima Meru yakishuka yakakaa wiki nzima kama yanavyopenda kukaa, unaipeleka ile gesi kwenye kifaa kidogo, unene wake kama kitabu cha nyimbo za kanisani, ikutane na hewa. Zikikutana humo unatoka umeme, na chini yanadondoka maji. Hakuna moto, hakuna moshi, hakuna kelele. Wazo lilimwingia kwenye zahanati moja ya huko chini, alipokuta betri za sola zilizokufa zimerundikwa nyuma ya choo kama matofali, na friji ya chanjo imezimwa. Mimi hadithi ya friji sikuhitaji kusimuliwa. Huyu mtoto ninayembeba niliwahi kurudishwa naye na chanjo yake mguuni haijachomwa, nikaambiwa nirudi wiki ijayo, umeme ulikatika dawa zikaharibika. Nilirudi na hasira hizi hizi.

Sasa vifaa vya namna hiyo vipo duniani, yeye hakudai amevigundua. Shida ni kwamba ndani yake kuna madini ghali sana, na yanatoka nje. Mwalimu alikuwa na swali moja tu maishani. Je, ukiyatandaza yale madini machache, mepesi kama vumbi, juu ya mkaa uliochomwa kutokana na maganda ya kahawa, ambayo huku Meru tunayamwaga, kifaa kitafanya kazi? Hilo alishalijibu: kinafanya. Lililobaki ni je, kitadumu muda gani? Na hapo ndipo alipohitaji msaada, maana kupima kitu kinadumu muda gani kunataka vifaa vya kupimia, na kunataka kungoja.

Serikali ilikuwa imefungua mfuko wa utafiti. Kwenye tangazo, kwa herufi nene nilizowatolea wateja nakala mimi mwenyewe mara ngapi sijui, waliandika kwamba unasaidia utafiti ulio katika hatua za mwanzo kabisa, ukiwemo wa haidrojeni. Mwalimu alikuja na fomu ameilaza vizuri ndani ya Biblia isikunjike pembe. Tukaijaza vizuri mpaka tulipofika kwenye kisanduku kilichouliza ni watu wangapi watanufaika na ndani ya muda gani.

"Hapo weka 'Bado sijui'," akasema.

"Mwalimu, huwezi kuandika hivyo kwenye fomu ya serikali."

"Kwa nini?"

"Watakuona hujui."

"Si sijui kweli, mama? Ningekuwa najua ningeomba hela ya kutafuta nini?"

Nikaandika. Ikarudi baada ya miezi mitatu imegongwa muhuri: haijakamilika. Akaniletea tena, na safari hii akaniachia niichape upya, yeye akakimbia kuwahi kipindi cha maabara. Na hapa ndipo ninapoingia mimi, na sitajificha nyuma ya mtu.

Sisi wa steshenari tuna desturi yetu. Watu wanatuletea maombi ya kazi, ya viwanja, ya mkopo, ya msaada wa ada, nasi tunajua ofisi zinapenda kusoma nini. Aliyeuza vitumbua tunamwandika mjasiriamali. Aliyekaa nyumbani miaka miwili tunamwandika mshauri wa kujitegemea. Hatuoni ni uongo, tunaona ni huduma, tena mteja akifanikiwa analeta soda. Basi nikakifuta kile kisanduku, nikajaza: kaya zote za kata ya Kikwe na kata jirani, ndani ya mwaka mmoja. Ilipendeza. Mwalimu alirudi anahema, akasaini bila kusoma tena, kwa sababu aliniamini. Na fomu ikapita. Wiki chache tu, ikapita, ofisi ikaandika kwamba kamati inakuja kuona mradi. Nilijisifu kwa mume wangu siku hiyo. Nilimwambia nimemtoa mtu.

Kamati haikuja kama watafiti wanaokwenda kuona jaribio. Walikuja na mgeni rasmi. Ofisi ya kijiji iliposikia kaya zote zinapata umeme iliweka maturubai, viti vya plastiki, spika, kwaya mbili, na utepe mwekundu mlangoni mwa banda. Nilikuwepo na mimba yangu ya miezi saba, nimeleta ratiba nilizozichapa. Mgeni rasmi akakata utepe, watu wakapiga vigelegele, akaingia na wenzake, sisi tukachungulia kwa ule uwazi wa juu na mlangoni.

"Haya mtaalamu, washa basi tuone."

"Kimeshawaka, mheshimiwa."

"Kimewaka wapi? Mbona hakingurumi?"

"Hakina cha kungurumisha. Taa ile pale ndiyo kinayoiwasha."

Taa yenyewe ilikuwa ndogo, na jua la saa sita limejaa bandani. Walikodoa macho. Mjumbe mmoja, mwanamume wa tai, akainama akaona maji yanadondoka kwenye kikombe. "Na haya?" Mwalimu akamwambia hayo ndiyo moshi wake. Alikuwa anajivunia sana lile jibu, masikini. Yule wa tai akageuka kwa wenzake. "Kwa hiyo serikali itoe mamilioni, yeye atupe nusu kikombe cha maji. Mke wangu analeta ndoo nzima." Wakacheka wote, na nje waliokuwa hawajasikia wakacheka kwa kuwa wakubwa wamecheka. Kisha mgeni rasmi akafungua faili akasoma kwa sauti: kaya zote za kata ya Kikwe na kata jirani, ndani ya mwaka mmoja. Akauliza ziko wapi nguzo, ziko wapi nyaya.

Mwalimu akaomba ile karatasi. Akaisoma taratibu, kidole chini ya mstari kama anavyosoma mtoto. Nilikuwa hatua nne kutoka kwake. Hakunitazama. "Hili si kweli, mheshimiwa," akasema. "Nilisaini bila kusoma. Kosa ni langu." Mgeni rasmi akafunga faili. Chakula kililiwa, kwaya ya pili ikaimba kwa sababu ilishajiandaa, na barua ikaja kusema mwombaji alitoa taarifa zisizo sahihi na asiombe tena. Mtu mkweli kuliko wote niliowahi kuwachapia amewekwa kwenye kumbukumbu za serikali kama mwongo, na uongo ule niliuchapa mimi kwa vidole hivi.

Alikuja dukani wiki iliyofuata kutoa nakala za karatasi za kujaza vipimo. Nilimtolea. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwomba radhi, nikaishia kumtajia bei. Yeye ndiye aliyesema, akihesabu karatasi zake. "Mama, uliogopa kwa niaba yangu. Siku nyingine niachie woga wangu mwenyewe." Akachukua bahasha akaondoka, na wiki ya pili akaja tena akanisalimia kama kawaida, akauliza mtoto anacheza tumboni. Sikuomba msamaha. Nilidhani muda upo.

Nimejilaumu vya kutosha, sasa nageukia wengine. Niliifuta kweli ya mtu kwa sababu ofisi iliikataa kweli hiyo ilipoletwa mara ya kwanza. Mnafungua mfuko mnauita wa hatua za mwanzo, halafu mnauliza maswali ya hatua ya mwisho. Mtu anakuja anasema nina swali, mnamwambia leta jibu kwanza tukupe hela ya kulitafuta. Mnachotaka ni kitu cha kukatia utepe. Kinachonguruma, kinachotoa moshi, kinachoonekana kwenye picha mheshimiwa akiwa amesimama pembeni. Jenereta mngeipigia makofi, ingawa kila mtoto wa mtaani Daraja Mbili anajua jenereta ilivyo na inavyokunywa mafuta. Nami nawauliza, hizo fedha zilizotengwa kwa ajili ya watu wasiojua bado, amepewa nani? Mimi nachapa maombi ya watu wote wa mtaa huu, nawajua waliopata. Wamepata wenye majibu mazuri. Majibu mengine niliyatunga mimi hapa, kati ya kubadilisha nepi na kuuza kalamu. Nchi inagawa fedha za utafiti kwa kufuata ubunifu wa mama wa steshenari, halafu tunashangaa kwa nini hata betri ya tochi tunaagiza.

Msibani walimsifu. Afisa kutoka kwenye mfuko ule alikuja na shada la maua, akashika kipaza sauti akasema taifa limepoteza hazina, mbunifu wa mfano, na kwamba ofisi yao ilimtambua. Nilikuwa nimekaa na akina mama, nanyonyesha, nikahisi maziwa yanakatika. Na hapo katikati ya hotuba, saa nane kamili, mjane akasimama. Akajifunga kanga vizuri, akapita mbele ya jeneza la mume wake, mbele ya mchungaji na afisa, akatoka nje ya turubai akaelekea kwenye migomba. Akina mama wakaangaliana. Mmoja nyuma yangu akasonya. "Huyu naye, mume hajafukiwa anakwenda wapi? Si angemwacha hata azikwe?" Wifi yake akainuka amfuate, nikamwahi, nikaenda mimi.

Nilimkuta bandani ameinama mbele ya kifaa na kalamu mdomoni. Taa ilikuwa inawaka. Akasoma mita, akaandika kwenye daftari, akapima maji ya kikombe, akaandika, akayamwaga kwenye shina la mgomba. Nikasema pole mama, leo si ungeacha. Hakugeuka. "Tangu wamemcheka alikiwasha upya, akasema hakuna kukizima mpaka kife chenyewe. Kila siku saa nane. Akiwa shuleni nasoma mimi. Nikiruka leo, lile jibu lake litakuwa na tundu." Mwanamke huyu ameishia darasa la saba. Maabara yake ni banda, ruzuku yake ni mahindi yake mwenyewe aliyokubali yauzwe mwaka uliopita ili kinunuliwe kipande cha pipa. Akafunga daftari, tukarudi, akaketi mahali pake, akamlilia mumewe kwa sauti kama anavyotakiwa mjane. Afisa alikuwa bado anaongea.

Baada ya mazishi ndugu walitaka banda. Shemeji yule yule wa picha alisema lingefaa kuku, au chumba cha kupangisha, na haya mapipa yaende kwa wanunua vyuma chakavu. Mjane hakugombana nao. Aliwaambia, "Ngojeni kijizime, hata kesho kikizima nawaachia." Wakasema na kikikaa mwaka? Akasema basi watangoja mwaka. Alikuwa anapigania kitu kimoja, jibu lisikatwe katikati, na aliwasimamia mlangoni na ufunguo kwenye pindo la kanga. Sijui ni maprofesa wangapi wangesimama hapo.

Kilizima wiki ya sita baada ya mazishi. Taa ilififia siku nne mfululizo, ya tano haikuwaka. Mjane alikifungua kwa bisibisi kama alivyomwona mume wake akifanya, akachora alichokiona ndani, akafunga, akawapa mashemeji ufunguo siku hiyo hiyo. Kisha akapanda gari akaja Sekei na madaftari yote kwenye mfuko wa sukari. Nikamtolea nakala. Nikamwambia ukweli wangu wote kuhusu ile fomu. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Alijua," akasema. "Alikuja akaniambia yule binti ameogopa. Sasa funga duka twende."

Tulikwenda kwenye ofisi ya ule mfuko. Kijana wa mapokezi ya maombi alikuwa mstaarabu, alitupa viti, alimwamkia mama shikamoo, akampa pole. Akafungua madaftari, akafika ukurasa wa mwisho.

"Mama, hapa naona kifaa kimekufa."

"Ndiyo, mwanangu."

"Sasa mnaleta nini?"

"Naleta siku kilipokufa. Na sababu."

Akakuna kichwa, akafungua rejista yake, akapitisha kidole kwenye mistari. Maombi mapya, maombi ya nyongeza, ripoti ya mwisho ya mradi uliofadhiliwa. Akasema pole pole kwamba hii ingekuwa ripoti ya mwisho, nzuri tu, ila sisi hatukuwa na mradi, na hana mahali pa kuipokelea. Nikamwambia agonge muhuri popote. Akasema atalaumiwa. Simchukii huyo kijana. Nawachukia waliochora ile rejista, ambao hawakuwahi kufikiri kwamba kunaweza kuja mtu amebeba jibu bila kubeba fedha zao.

Nilichojifunza kwa mtu huyu si utamu wa kusimulia kanisani. Kutojua ni kazi, na inafanywa na watu walio hai wanaozeeka na kufa wakiifanya, na serikali inayowalipa wenye majibu tu itabaki kununua majibu ya wengine mpaka wajukuu zetu. Nimejifunza pia kwamba kisanduku kikiwa wazi nikiache wazi. Mteja akinuna anune.

Na kwa kuwa ofisi haina mahali pa kuipokelea, naipokea mimi hapa, kwenye gazeti, bila kuipendezesha. Mkaa wa maganda ya kahawa unashika madini vizuri. Kifaa kilikaa karibu mwaka mmoja na nusu, kikiwaka bila kuzimwa. Kilianzia kufa kwenye kona ya chini kushoto, ambako maji yalikuwa yanatuama badala ya kutoka, na hapo mkaa umeliwa na madini yamebanduka. Kona nyingine tatu ziko nzima. Mjane anadhani njia ya maji itobolewe chini zaidi. Hana hakika. Madaftari yako kwangu Sekei, kabatini, na atakayetaka kuendelea aanzie kwenye hiyo kona.